Pete Isiyoliwa na Zebaki

Jumapili, Tarime. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na baridi imebaki. Nimevaa sweta, nimekunja miguu kitandani, na nyayo bado zinauma kwa kucheza.

Jana nilikuwa Ringwani kwenye arusi ya Nyangi. Nataka kuandika mambo yalivyokwenda kabla sijaanza kuwasimulia watu na kuongeza chumvi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni sonara. Naitwa Bhoke, ni mwanamke, ni Mkurya, na kazi yangu ni kufua dhahabu. Wateja hushangaa, kisha huzoea. Nafanya kazi kwa Mzee Shabani, ambaye wazazi wake walitoka Tanga wakafungua duka hapa Tarime kabla mimi sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua mezani. Tangu dhahabu ya Nyamongo ianze kuwatoa watu mashambani, hatujawahi kukaa bila kazi.

Nyangi alikuja dukani wakati mahindi yanavunwa. Alikuwa na kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo. Alipokifungua niliona pete nyeupe, nyeupe kama bati, yenye nyufa. Akasema ni ya dhahabu. Ni pete ya ndoa ya mama yake.

Mzee Shabani aliitazama mara moja tu akajua. Mama yake Nyangi alifanya kazi miaka mingi mwaloni, kule Nyamongo. Mwalo ni ile sehemu mawe yaliyosagwa yanapooshwa, kisha unga wake unachanganywa na zebaki ili chembe za dhahabu zishikane. Zebaki hushika dhahabu yoyote inayoikuta, iwe chembe au iwe pete. Mama huyo hakuivua pete yake hata siku moja kwa sababu ilikuwa ya ndoa. Basi zebaki ikaila kidoleni.

"Inaweza kurudi kama zamani?" Nyangi aliuliza.

"Nikiipasha moto zebaki itatoka kama moshi," Mzee alimjibu, "na moshi huo tutauvuta sisi tuliomo humu. Itakayobaki itakuwa na vitundu vitundu, ukiikunja inakatika. Itunze hivyo hivyo, mwanangu."

Nyangi alifunga tena fundo lake. Halafu akanigeukia mimi.

"Dada, mwaka huu naolewa. Na mimi naosha huko huko mwaloni. Nitengenezee pete ambayo zebaki haiiwezi."

Nilimwambia nipe muda nifikirie.

Fedha haifai, zebaki inaila vilevile. Shaba nayo inaliwa. Chuma cha kawaida kitaota kutu, maana mwoshaji anashinda majini. Pete za dukani za chuma kisichoshika kutu, Nyangi alishavaa moja ikamtoa vipele mpaka ngozi ikachubuka. Nilibaki na kitu kimoja tu kichwani, nacho kilikuwa kimening'inia ukutani kwetu nyuma ya mlango.

Ni fremu ya baiskeli. Mzungu mmoja alipita na baiskeli kutoka Sirari akielekea Serengeti, fremu ikapasuka karibu na Mugumu. Binamu yangu, ambaye ni fundi baiskeli pale, alimpeleka kwa mchomeleaji. Walipochomelea, ile sehemu iligeuka nyeupe kama chaki na ikavunjika kama biskuti. Mzungu aliendelea kwa gari, fremu akaiacha. Binamu yangu aliniletea kwa sababu haikueleweka ni chuma gani. Ni nyepesi kuliko chuma lakini ni nzito kuliko aluminiamu. Sumaku haiing'ang'anii. Ukiigusisha kwenye jiwe la kunolea la mashine, cheche zake ni nyeupe kabisa, si za manjano. Kwenye bomba moja kulikuwa na maandishi madogo yaliyothibitisha: titani, iliyochanganywa na aluminiamu kidogo na madini mengine ili iwe na nguvu zaidi.

Mimi nimeipenda titani, nakiri. Kipande cha kwanza nilichokata nilijitengenezea kijiti cha kulehemu, maana risasi ya kulehemu haigandi juu yake hata ukiisukuma nacho siku nzima. Kipande cha pili nikatengeneza kijiko cha chai. Kinaonekana si lolote. Lakini ukikitia mdomoni hakina ladha ya chuma, hakichomi midomo chai ikiwa moto, na ukikisahau kwenye maji ya chumvi unakikuta kama ulivyokiacha. Nadhani kitu kizuri cha kutumia kila siku ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kinakufanyia kazi na hakikudai chochote.

Siri yake ni ngozi. Titani hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba ambayo macho hayaioni, na ukiikwaruza inaota nyingine papo hapo. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia maji, jasho, chumvi. Na zebaki.

Bomba jembamba la nyuma ya fremu, lile linaloshuka hadi kwenye gurudumu, lilikaribia sana upana wa kidole cha Nyangi. Lile lililo chini yake kidogo lilikaribia kidole cha Marwa, mchumba wake. Nilimwita Nyangi aje nimpime zaidi ya mara moja, asubuhi kukiwa na baridi na mchana kukiwa na joto, kwa sababu vidole vya mtu wa kazi hubadilika, na pete hii huwezi kuja kuipanua baadaye. Dhahabu unaikata, unaongeza kipande, unalehemu. Titani hukubaliani nayo hivyo. Ukikosea umekosea.

Niliikata kwa msumeno wa mkono, polepole, na mafuta mengi. Ukiharakisha inapata joto, inakuwa ngumu, meno ya msumeno yanakwisha. Tupa nayo inajaa kila baada ya muda mfupi, unaisugua kwa brashi, unaendelea. Mzee Shabani aliweka ndoo ya mchanga karibu na miguu yangu bila kusema neno. Unga wa titani ukishika moto hauzimwi kwa maji. Haukushika, lakini nilifurahi ndoo ilikuwepo.

Pete zilipokamilika zilikuwa za kijivu, kijivu cha wingu la mvua, laini kwa ndani. Nyangi aliivaa akakunja ngumi, akakunjua.

"Sisikii kama nimevaa kitu," alisema.

Nikamwonyesha kipande kingine nilichokipitisha kwenye moto. Titani ikipashwa moto ile ngozi yake inanenepa na mwanga unacheza ndani yake. Kwanza inakuja manjano kama dhahabu, halafu zambarau, halafu buluu. Hakuna rangi iliyopakwa. Nilimuuliza kama anataka yake iwe hivyo.

"Iache ilivyo," alisema.

Ikabaki ilivyo. Hapo nilidhani kazi yangu imekwisha.

Wiki ya arusi Marwa alikuja peke yake. Ni kijana mpole, anaendesha mashine ya kusaga mawe katika eneo la mama yake. Alizunguka zunguka dukani, akaangalia saa za ukutani, akauliza habari za mvua. Mwishowe akasema.

"Dada Bhoke, mama hajui kama pete si ya dhahabu."

"Nyangi anajua kwamba mama hajui?"

"Hajui."

Nikaweka tupa chini.

"Nipe ile rangi ya manjano uliyomwonyesha," aliomba. "Ipite Jumamosi tu. Watu waione kanisani, basi."

Nilimwambia rangi hiyo itafutika kwenye mchanga wa mwaloni. Akasema ikifutika watakuwa wameshaoana. Nikamwambia pete ni ya Nyangi, aje naye, Nyangi akikubali mbele yangu nitaifanya kwa mikono miwili. Marwa alinishukuru kwa adabu, akachukua pete zote mbili, akaondoka.

Ijumaa asubuhi alirudi. Safari hii hakuuliza habari za mvua. Alifungua kiganja, nikaona pete ya Nyangi ina mabaka ya buluu na zambarau kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Alikwenda kwa mchomeleaji wa Nyamongo, akamwambia apashe kidogo tu. Ile manjano ilipita kabla hawajapepesa macho.

Mimi nilicheka. Mzee Shabani hakucheka.

"Mura," alimwambia, yaani kijana, maana hata yeye baada ya miaka yote hii anatuita kwa Kikurya anapotaka tusikie, "arusi ni kesho. Mwambie mwenye pete."

Hakuhitaji kumwita. Nyangi alikuwa Tarime siku hiyo kuchukua viatu vyake, na alipitia kwetu kunisalimia. Aliingia, akaangalia kiganja cha Marwa, akaniangalia mimi. Hayakuwa yangu kuyasema.

Marwa aliyasema yote. Namsifu kwa hilo, hakuficha hata kipande.

Nyangi alikaa kwenye benchi la wateja, mfuko wa viatu mapajani. "Kwa hiyo mama yako anaamini nitavaa dhahabu," alisema. "Na anaamini pia Jumatatu nitashuka mwaloni kwake kuosha?"

Marwa alitazama sakafu. "Hilo ndilo analolitegemea."

"Basi twende tukazungumze naye leo. Dada Bhoke, twende wote. Akiniuliza hiki ni chuma gani, mimi nitajibu nini?"

Niliisugua pete kwa msasa wa maji mpaka mabaka yote yakaondoka na kijivu kikarudi. Hilo ndilo jambo jingine jema la titani. Rangi yake haiingii ndani. Kisha tukapanda bodaboda mbili kwenda Nyamongo.

Mama Marwa ana duka la vitu vya wachimbaji: viatu vya mpira, tochi, kamba, makarai. Zebaki iko chini ya kaunta katika vichupa vidogo. Nyuma ya duka kuna mwalo wake, na wasichana walikuwa wameinama kwenye maji kama kawaida. Mama mwenyewe ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na alipotuona watatu tukiingia na nyuso nzito alizima redio.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba. Nani amekufa?"

Marwa alisema, "Mama, pete si ya dhahabu."

Akamweleza. Kwa bahati mbaya alimweleza mpaka habari ya baiskeli.

"Nyamongo hii?" Mama Marwa alipiga kaunta. "Watu wanatoka Kahama, wanatoka Kenya, wanakuja kuchimba kwetu, halafu mwanangu amvalishe mkewe baiskeli?"

Nyangi hakubishana. Alitoa kile kitambaa, akafungua fundo, akaweka pete ya mama yake juu ya kaunta. Pete nyeupe yenye nyufa. Mama Marwa hakuhitaji kuambiwa ni nini. Ameiona zebaki ikifanya kazi maisha yake yote. Aliitazama muda mrefu, hakuigusa.

Halafu akainama chini ya kaunta, akatoa bakuli la udongo na kichupa, akamimina zebaki.

"Leteni hiyo ya baiskeli."

Nilimwomba afungue mlango wa nyuma na asitumie kidole. Alinikodolea macho, lakini alifungua, na akachukua kijiti. Nilitumbukiza pete ya Nyangi.

Ilielea.

Nilijua itaelea, kwa sababu titani ni nyepesi mno kuliko zebaki, lakini kujua na kuona si sawa. Pete ilikaa juu ya ule uso unaong'aa kama jani juu ya bwawa la Manchira. Mama Marwa aliikandamiza kwa kijiti ikazama, akaachia, ikapanda. Akaikandamiza tena. Kisha akaiinua kwa kijiti, na zebaki ikateleza ikaanguka yote bakulini, kama maji kwenye jani la magimbi. Pete ilikuwa kijivu kilekile.

"Haizami," alisema. Alikuwa karibu kucheka. "Haizami na haishikwi."

Marwa alipumua. Mimi pia. Niliona tumemaliza.

"Mama," Nyangi alisema, "pete haina shida. Shida ni mkono. Mama yangu hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Nikija kwako nitapika, nitauza dukani, nitalima. Zebaki sitaishika tena."

Kule nyuma wasichana walikuwa wakiimba kidogo kidogo huku wakiosha. Mama Marwa alirudisha zebaki kwenye kichupa kwa uangalifu, tone kwa tone, akafunga kifuniko.

"Nendeni," alisema. "Kesho kuna arusi."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hatukujua hata kama atakuja.

Njiani nilijiona mjinga kidogo. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimejivunia kutengeneza pete itakayovumilia zebaki kidoleni mwa Nyangi, kumbe mwenyewe alishaamua kuutoa mkono.

Jana mvua ilitupiga kanisani tangu mwanzo. Mama yake Nyangi alikaa mbele, mikono ameifunika kwa khanga. Upande wa bwana arusi kulikuwa na nafasi tupu, nasi tuliimba wimbo mmoja zaidi ya zilizopangwa ili kusubiri. Mama Marwa aliingia akiwa na dada zake waliotoka Migori, wamelowa, wanapiga vigelegele kama vile sisi ndio tuliochelewa.

Mchungaji aliinua pete. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Ni fedha hiyo?" Mwingine akasema hajui. Roho yangu ilikuwa kwenye kifundo cha kidole, maana vidole vya mtu wa kazi huvimba, na pete ile haipanuki. Marwa aliisukuma, ikakwama kidogo, akaizungusha, ikapita.

Ndipo nilipokaa chini.

Wakati wa zawadi Mama Marwa alichukua kipaza sauti, ingawa yeye hakihitaji.

"Mkwe wangu atakaa dukani," alisema. "Mwaloni hatashuka. Nasema mbele yenu ili nisije nikageuka. Na mtu asiniulize habari za pete, nimeipima mwenyewe."

Watu walishangilia. Nyangi alilia akiwa amesimama. Mama yake alitoa mikono chini ya khanga ili apige makofi, na hapo wote tuliiona. Ilitetemeka, viganja vikapishana, vikakutana, vikapishana tena. Hakuacha. Alipiga makofi mpaka kila mtu mwingine alipokuwa amenyamaza.

Ningependa kuishia hapo. Lakini hii ni shajara, si kadi ya arusi.

Wakati wa kula Mama Marwa alikuja kukaa karibu nami na sahani yake ya nyama. Alikuwa na furaha. Aliuliza kama naweza kutengeneza hereni za titani kwa mjukuu wake ambaye masikio yanatunga usaha kila akivaa za dukani. Nikasema naweza, titani haina ugomvi na ngozi. Akafurahi zaidi. Nikamuuliza, kwa kumtania tu, kama mwaloni atabaki na pengo sasa.

"Hakuna pengo," alisema. "Nimeshapata mwingine. Wa hapa hapa Ringwani. Anaanza Jumatatu. Ana nguvu huyo!"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia amepata mbuzi mwingine wa maziwa. Nami nilikuwa na ugali mdomoni, nikatafuna, nikameza.

Leo nimeshinda na jambo hilo. Nimewaza dhahabu yote inayopita mezani kwetu, yote, hata ile ya vipuli vidogo vya watoto. Kila chembe kuna mtu aliinama majini akaikusanya kwa zebaki. Najua hilo tangu nianze kazi. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu huyo amekuwa na siku ya kuanza.

Siwezi kufunga mialo ya Nyamongo. Siwezi kumwambia msichana asiende, sina kazi ya kumpa. Ninachoweza ni kazi za chuma. Kuna kile chungu cha kuchomea chenye mfuniko na bomba, kinachokamata moshi wa zebaki na kuurudisha ndani badala ya kuupeleka mapafuni. Nimewahi kukiona. Si kigumu kukitengeneza, vipande vya bomba la chuma tu na mkono ulionyooka. Mama Marwa anapenda kupima vitu kwa macho yake mwenyewe. Nitampelekea akipime. Na glavu ndefu za mpira, aziuze dukani mwake pamoja na viatu. Nyangi ndiye atakayekuwa nyuma ya kaunta.

Nimekwisha kuchora bomba nyuma ya kadi ya mwaliko. Mzee Shabani atasema mimi ni sonara, si mtengeneza masufuria. Nitamsikiliza, halafu nitamwomba anisaidie kukata.

Kitu kimoja kinaniudhi kuliko vyote. Sikuuliza jina la huyo msichana. Nilikaa pale na mama aliyemwajiri, nikala, nikazungumzia hereni, na sikuuliza anaitwa nani.

Asubuhi, kabla sijafungua duka, nitampigia simu Nyangi. Bibi arusi au si bibi arusi, atapokea.